Nyama ya Iddi imekuwa ngumu kama ndala: kosa la ng'ombe au la friza?

"Assalaam aleykum mtaalamu. Iddi ya kuchinja mwaka huu tulichangia ng'ombe familia saba. Alichinjwa saa moja na nusu asubuhi, na kabla ya saa nne fungu letu lilikuwa limeshafika nyumbani, bado la moto, tena vipande vingine vilikuwa vinachezacheza kwenye beseni mpaka mjukuu wangu akakimbia. Ya pilau niliibandika palepale, ikaiva laini. Iliyobaki nikaikata vipande vya mchuzi, nikaitia kwenye mifuko na kuijaza kwenye friza. Siku ya nne nikatoa mfuko mmoja. Beseni lilijaa maji mekundu, nyama ikajikunja ikabaki nusu ya ilivyokuwa, nimeipika saa tatu nzima na bado ni kama kutafuna ndala. La ajabu, mfuko uliokaa katikati ya friza ulikuwa na nafuu. Mama mkwe anasema ng'ombe alikuwa mzee. Mume wangu anasema damu haikutoka vizuri, ana wasiwasi na uhalali wake. Jirani ananishauri nitie panadol mbili sufuriani. Nimebakiwa na kama kilo sita, nifanye nini? Anayeila bila kulalamika ni kijana wangu wa miaka 19, anasema nyama ngumu ndiyo yenye protini. Ameanza mazoezi hivi karibuni, na juzi walishindana na wenzake kuchuchumaa na kusimama mara mia tatu. Sasa mapaja yamevimba na mkojo wake ni kama chai ya rangi. Anasema ni protini zinatoka."

Waaleykum salaam, mama. Swali lako ni la nyama, lakini naanza na sentensi zako za mwisho, kwa sababu kilo sita za friza zinaweza kusubiri na kijana hawezi.

Mpeleke hospitali leo hii. Duka la dawa halitoshi. Mapaja kuvimba pamoja na mkojo wa rangi ya chai, baada ya zoezi kali ambalo mwili haukulizoea, ni dalili kwamba nyuzi za misuli zimepasuka kwa wingi na vilivyokuwa ndani yake vimemwagikia kwenye damu. Kimojawapo ni protini nyekundu iitwayo mioglobini. Figo huichuja, lakini ikija kwa wingi kiasi hicho huziba na kuumiza mirija yake. Potasiamu nayo hutoka kwenye misuli hiyo hiyo, na ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo. Mkifika mwambieni daktari wazi: alichuchumaa mara mia tatu, siku fulani, na mkojo ulianza kubadilika lini. Watapima mkojo, watapima kwenye damu kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia) cha misuli ambacho wenyewe hukiita CK, wataangalia figo na potasiamu. Tiba yenyewe mara nyingi ni dripu za maji mengi, na faida yake iko kwenye kuwahi. Njiani anywe maji, ila asimeze diklofenaki wala ibuprofeni kwa ajili ya maumivu, maana hizo huongezea figo mzigo. Kama kuna selimundu kwenye ukoo wenu semeni pia. Hata aliyerithi kinasaba kimoja tu, asiyeumwa siku zote, huwa kwenye hatari zaidi ya jambo hili anapojikamua kupita kiasi. Na kwa kuwa malaria kali na maradhi ya ini nayo hutia mkojo rangi, hapo nyumbani si pa kukisia.

Hilo la "protini zinatoka" si kweli. Protini tunayokula huvunjwa tumboni na kwenye utumbo ikawa vipande vidogo, amino asidi, na mabaki yake hutoka kama urea ambayo haibadilishi mkojo kuwa chai. Maumivu ya kawaida ya mazoezi yapo, hufika kilele siku ya pili au ya tatu kisha hupungua, na mkojo unabaki vilevile. Mkojo ukigeuka, hapo si maumivu ya kawaida tena.

Sasa tuje kwenye beseni. Utashangaa: yale maji mekundu yamepakwa rangi na mioglobini ile ile. Kazi yake ndani ya msuli ni kuhifadhi oksijeni, ina chuma katikati, na ndiyo inayoifanya nyama ya ng'ombe kuwa nyekundu na kidari cha kuku kuwa cheupe, kwa sababu kuku hatumii kidari chake kutembea kutwa. Mnyama akichinjwa sawasawa, karibu nusu ya damu yake hutoka, na sehemu kubwa ya inayobaki hukaa kwenye viungo vya ndani kama ini, mapafu na bandama. Mnofu hubaki na kidogo sana. Jaribu mwenyewe: damu ya kuchinja ukiiacha kwenye bakuli huganda ikawa kama jeli, lakini yale maji ya friza yaache hata kutwa, hayagandi. Ni maji ya ndani ya nyama yenye mioglobini. Hukumu ya dini mumeo amuulize sheikhe, mimi si mahali pangu, lakini akienda kuuliza asimwambie sheikhe kwamba ni damu.

Na kwa nini yawe mengi hivyo? Hapo ndipo penye jibu la ugumu pia, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Chukua kipande cha mnofu uliochemka ukichambue kwa vidole. Kila unyuzi unaoutoa ni fungu la seli ndefu. Ndani ya seli hizo kuna nyuzi nyembamba zaidi, zisizoonekana kwa jicho, zilizogawanyika vyumba vyumba kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Chumba kimoja kina urefu wa takriban mikromita 2, yaani kwenye milimita moja unavipanga kama mia tano. Ndani ya kila chumba mna safu mbili za protini: safu nene ni ya miosini, nyembamba ni ya aktini. Kuna na ya tatu, titini, protini kubwa kuliko zote zinazojulikana mwilini, ambayo inafanya kazi kama mpira wa kurudisha chumba mahali pake kikivutwa.

Umewahi kuwaona wavuvi wakivuta juya ufukweni? Wamejipanga, kila mmoja anashika kamba, anavuta, anaachia, anashika tena mbele yake. Miosini ina vichwa, na vichwa hivyo hufanya hivyo hivyo kwenye aktini. Hakuna uzi unaopungua urefu. Safu moja inateleza ndani ya nyingine, na chumba kinakuwa kifupi. Jambo hili lilielezwa mwaka 1954 na makundi mawili kwa wakati mmoja, Hugh Huxley na Jean Hanson upande mmoja, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke upande mwingine. (Hao akina Huxley wawili hawakuwa ndugu, jambo ambalo limewachanganya wanafunzi wangu miaka nenda rudi.)

Anayefungua kazi ni kalsiamu, ambayo wakati wa mapumziko imefungiwa kwenye vijifuko ndani ya seli. Anayelipa mishahara ni ATP, chembe ya nguvu. Na hapa watu wengi huelewa kinyume. Wanadhani msuli unahitaji nguvu ili ukaze tu. La, kichwa cha miosini kinahitaji ATP ili *kiachie*. ATP ikiisha, kila mvuvi anabaki ameng'ang'ania kamba yake, hawezi kuvuta wala kuachia. Ndiyo maana maiti hukakamaa, na ndiyo maana waosha maiti wetu, bila darasa la kemia, huwahi kumfunga marehemu kidevu na kumnyoosha viungo mapema. Wanajua baada ya saa chache mkono hautanyooka.

Ng'ombe naye hivyo hivyo, ila anachukua muda. Anapokufa, misuli yake haifi pale pale. Haipati tena oksijeni, lakini ina akiba ya sukari, glaikojeni, inayoendelea kuichoma bila hewa ili kutengeneza ATP kidogo kidogo. Moshi wa moto huo, tuseme hivyo, ni asidi ya laktiki: pH ya nyama, kipimo ambacho hushuka asidi ikizidi, hutoka kama 7 hadi kama 5.5. Kwa ng'ombe safari hiyo huchukua saa sita, kumi na mbili, pengine zaidi, na mwisho wake ndipo nyama hukakamaa. Baadaye vimeng'enya vilivyomo ndani ya nyama yenyewe, hasa kalpeini, huanza kuikatakata titini na protini nyingine zinazoshikilia vyumba, nyama ikalegea tena. Nyama ya hoteli iliyokaa kwenye chumba cha baridi wiki moja au mbili imelegezwa na kazi hiyo.

Nyama yako, mama, ilifika kwako kabla ya safari hiyo kufika hata nusu. Kuchezacheza kule kwenye beseni ndiko kulikonithibitishia. Ilikuwa bado ina ATP, bado ina kalsiamu iliyofungiwa, kwa lugha nyepesi bado ni msuli. Ya pilau uliitia motoni ikiwa bado imelegea, joto likaziivisha protini kabla hazijapata nafasi ya kung'ang'aniana, na kwa kuwa asidi ilikuwa bado kidogo ikashika maji yake. Ikatoka laini.

Ile nyingine uliitia kwenye baridi. Chini ya nyuzi joto 10 hivi, vijifuko vya kalsiamu hushindwa kuizuia, inavuja, na kwa kuwa ATP bado ipo, vichwa vyote vya miosini vinaanza kuvuta. Nyama ikiwa bado iko kwenye mfupa, mfupa unaizuia. Wewe ulishaikata vipande. Hapakuwa na wa kuizuia. Vilivyoganda haraka, vile vya pembeni, vilipata balaa kubwa zaidi. Barafu ilizuia kila kitu kama ilivyokuwa, ATP ikabaki nzima nzima, lakini chembe za barafu zikavitoboa vijifuko. Ulipotoa mfuko ukayeyuka, kalsiamu yote ikamwagika mara moja. Msuli ule ukavuta kwa nguvu zake zote za mwisho, ndani ya beseni lako, siku nne baada ya ng'ombe kufa. Maji ni kama robo tatu ya nyama. Ukiikamua namna hiyo lazima yatoke.

Na mfuko wa katikati? Friza ya nyumbani iliyojazwa nyama ya moto haina uwezo wa kugandisha kitu kilichozungukwa na kilo kumi nyingine za moto. Katikati palibaki vuguvugu kwa saa nyingi, nyama ikamaliza safari yake polepole. Ikawa laini zaidi. Usiichukulie hiyo kuwa mbinu, lakini, kwa sababu hapo hapo ndipo bakteria wanapopenda.

Miongoni mwa waliolipa gharama ya kosa hili walikuwa New Zealand, waliokuwa wakipeleka kondoo wa barafu Uingereza kwa meli tangu 1882. Mitambo yao ya kugandisha ilivyozidi kuwa ya kasi, malalamiko ya nyama ngumu nayo yakazidi. Mwaka 1963 watafiti Locker na Hagyard walionyesha kwamba kipande cha msuli wa ng'ombe kilichowekwa kibichi kabisa kwenye nyuzi joto 2 hujikunja karibu nusu ya urefu wake, ilhali kwenye 15 hivi hujikunja kidogo sana. "Nusu ya ilivyokuwa" ni maneno yako mwenyewe.

Kwa hiyo mama mkwe, kwa heshima zote, safari hii hayuko sahihi. Pilau na mchuzi vimetoka kwa ng'ombe mmoja. Angekuwa mzee, pilau ingemsema. Ila anachokijua yeye ni cha kweli mahali pengine: ugumu wa uzee hutokana na kolajeni, protini ya utando na kano, ambayo kwa mnyama mzee imefungamana sana. Hiyo huyeyuka kwa moto mdogo na maji na muda, ikawa jelatini. Ndiyo inayofanya supu ya makongoro inate midomoni. Ugumu wa kujikunja hauyeyuki hivyo. Saa tatu zako za moto ziliyeyusha kolajeni na kuzikausha zaidi nyuzi zenyewe. Niongeze kwamba ng'ombe wetu wa nundu kwa kawaida wana protini nyingi zaidi inayoizuia kalpeini kufanya kazi, kwa hiyo nyama yao huchelewa kulegea hata pale ambapo hakuna aliyekosea.

Panadol usitie. Nimeulizwa swali hili mara nyingi kuliko yote mengine, na sijui nani aliyelianzisha. Parasetamoli si kimeng'enya, haina meno ya kukata miosini wala kolajeni. Anayekula hajui amemeza kiasi gani, mtoto na mtu mzima wanapakua sufuria moja, na dawa hii ikizidi huharibu ini. Ikichemka muda mrefu sehemu yake inaweza kuvunjika ikawa kemikali nyingine iliyo sumu kwa figo. Una kijana nyumbani ambaye figo zake ziko mashakani leo, basi.

Papai bichi ni jambo jingine. Utomvu wake una papaini, inayokata protini kwelikweli. Inafanya kazi zaidi kati ya nyuzi 50 na 70, yaani wakati sufuria inapasha, na ikichemka sana inakufa. Paka kidogo, dakika ishirini au thelathini, vinginevyo nje inakuwa uji na ndani bado ndala. Magadi husaidia nyama kushika maji, ila ladha ya sabuni i karibu, na mwenye presha aiepuke.

Kilo sita zako. Zile ambazo hazijayeyuka bado zina nafasi kidogo. Usizitoe kuziweka mezani wala kwenye maji ya moto. Kama friji yako ina kile kisanduku cha juu kinachokaa chini kidogo ya sifuri, hamishia mfuko mmoja humo siku mbili tatu; ATP itaisha polepole wakati barafu bado inaushikilia msuli. Hii inapunguza, haiondoi. Mfuko uliokwisha kujikunja kuuweka kwenye friji zaidi hakusaidii kitu, safu zimebanana mno. Mimi ningefanya hivi: nusu au zaidi ningeipeleka kusagwa ikiwa bado nusu barafu. Ugumu huu uko kwenye urefu wa nyuzi. Mashine ikizikata, ugumu umekwisha. Sambusa, kababu, katlesi, hakuna atakayejua. Iliyobaki ningeikata nyembamba ikiwa na barafu, kukatisha nyuzi na si kufuata nyuzi, ningeipaka papai, na kuikaanga haraka. Protini ni ile ile, laini au ngumu. Kijana akirudi salama mweleze na hilo.

Mwakani ongea na mgawaji kabla ya siku. Wachinje mapema, na mafungu yenu mpewe makubwa, ikiwezekana na mfupa wake. Paja likining'inia kivulini penye upepo, limefunikwa kitambaa safi inzi wasilifikie, kwa muda wa saa nne mpaka sita, halafu likalala kwenye friji (si friza) likiwa vipande vikubwa vilivyoachana, kesho yake ndipo likatwe na kugandishwa, hutaona maji mekundu ya namna ile. Hapa kuna kupimana, sikufichi. Kwenye joto la Pwani, kama hakuna mahali safi, au nyumbani kuna mjamzito, mgonjwa au mtoto mchanga, gandisha mapema na ukubali kusaga. Nyama ngumu ina dawa. Iliyooza haina.

Na mjukuu aliyekimbia, muite tena mwakani. Weka kipande cha moto kwenye sahani, kinyunyizie chumvi, akione kinavyotetemeka. Kipande kingine kikae kando mpaka alasiri. Kinyunyizie nacho: kitalala kimya, kigumu, na ukimwambia ajaribu kukinyoosha kwa vidole hataweza.